Nyumba Namba Moja

Foleni ya sukari pale duka la ushirika Kinondoni ilikuwa imejikunja mpaka barabarani. Rosalia, ndani ya gauni la maua ya njano na viatu vya raizoni vya soli nene vilivyomfinya vidole, alikuwa wa mwisho. Mbele yake kijana mmoja wa suruali ya bugaluu, pana miguuni, mwenye vumbi la mbao nyweleni, alikuwa akichezea kitu kiganjani.

"Dada, hebu tupa hii," alisema, akageuka. Ilikuwa dadu ya mpingo, nyeusi tii, isipokuwa upande wa namba moja uliokuwa mweupe. "Ukipata moja, nafasi yangu ni yako."

Rosalia akatupa. Moja.

"Una bahati wewe!" Akampisha.

Mwingine angeshukuru yakaisha. Rosalia aliitazama dadu, kisha akamtazama mwenyewe. Yeye alikuwa opereta wa simu katika kiwanda kimoja njia ya Wazo, na kwa miaka mitatu alikuwa akiwaunganishia simu wanaume waliowaambia wake zao kwamba wao wako Morogoro, nao wamekaa chumba cha pili wanakunywa chai. Mwanaume akitaja bahati, Rosalia humtazama mikono. Ya huyu ilikuwa na makovu ya patasi, tena mizuri, na hilo lilimuudhi zaidi.

Aliitwa Albano, mchongaji kutoka Newala. Dadu ile alikuwa akimpelekea Gaspar, mwalimu wa elimu ya watu wazima, aliyekuwa amebuni mchezo wake. Jumamosi alasiri watu walikaa mezani kwake, kila mmoja akatupa dadu mara tatu. Ya kwanza ilikupa kazi, ya pili tabia, ya tatu nyumba ya kuishi. Baada ya hapo mliishi hivyo mpaka magharibi: mligombana, mliombana chumvi, hata mlioana. Sharti lilikuwa moja tu, ulichopewa na dadu hukikatai.

"Hakuna aliyechagua tumbo la kuzaliwa," Gaspar alipenda kusema.

Rosalia alikwenda mara ya kwanza kwa udadisi. Mara zilizofuata alikwenda kwa Albano. Jumamosi ile ya kwanza alitoka mchoma mkaa mchoyo, nyumba namba moja. Albano naye akatoka mchoma mkaa mlevi, nyumba namba moja. Jumamosi ya pili, nyumba ileile tena. Ya tatu na ya nne, vilevile.

"Mke wangu, umeificha wapi pombe yangu?" Albano alimtania.

"Nimewapa kuku. Wameimba mpaka wamekauka sauti."

"Basi kuku hao wana bahati kunizidi."

Bahati tena! Meza nzima iliangua kicheko, na Rosalia alicheka nao, lakini moyoni jambo lile lilikuwa limeshamkaa vibaya.

Kesho yake mshenga wa Albano alifika kwa mjomba wake Rosalia na barua ya posa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kijana wa watu kaleta barua. Mie sina neno naye, ni wa kwetu. Ila jibu utatoa wewe. Nakupa mpaka Jumapili."

Alimtaka. Hilo ndilo lililomtisha. Alimtaka mpaka kazini akisikia "halo" yoyote aliidhania yake. Lakini mtu anayepanga hata bahati, akishakuoa atapanga nini tena?

Akaiazima dadu kwa Gaspar, akakaa jikoni na sinia, akaitupa mara mia, kila mara akiweka alama ya mkaa ukutani. Moja ilitoka mara hamsini na mbili. Sita ilitoka mara tatu.

Asubuhi simu ikaita kiwandani. Albano alikuwa akipiga kutoka dukani kwa Muhsin, jirani na karakana yake ya uchongaji.

"Halo, ua langu! Barua imefika?"

"Imefika. Na dadu yako ninayo mimi. Nimeitupa mara mia, Albano. Umeichonga iseme uongo."

"Rosa, sikiliza. Ule upande mweupe..."

"Umefanyaje?"

"Ni mti mchanga, wa karibu na gome. Ni mwepesi. Kiini cheusi ni kizito, kwa hiyo kinakaa chini, cheupe kinakuja juu. Niliuacha kwa urembo tu, haki ya Mungu! Ingekuwa hila, ningejipa ulevi na mkaa kila wiki? Mbona Gaspar naye kakaa namba moja mara mbili?"

Rosalia akahesabu upya. Kweli, Gaspar alikuwepo, na Adelina, mwenzao wa mezani, pia. Hakuwahesabu, maana hao hawakuleta posa.

"Ulijua lini?" akauliza.

Waya ukavuma. "Wiki ya pili."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ilikuwa inanikalisha karibu nawe, mpenzi. Niliogopa dadu ya haki itaniweka mbali."

Rosalia akachomoa waya.

Jumamosi alikwenda kwa Gaspar na barua ndani ya mkoba, na jibu hana. Albano alikuwa amekaa mezani, shati limenyooshwa pasi, na mbele yake pana dadu mpya, nyeusi pande zote sita.

"Ijaribuni," alisema bila kumtazama mtu.

Rosalia aliitupa mara thelathini, wenzake wakingoja, wala hakuona aibu. Kila upande ulipata haki yake.

Mchezo ukaanza. Rosalia akatoka mkunga mkali, nyumba namba sita. Albano akatoka fundi cherehani mwoga, nyumba namba mbili.

Albano akainuka, akaizunguka meza mpaka nyuma ya kiti cha Rosalia, akagonga mbao zake.

"Hodi."

"Nani?"

"Fundi wa namba mbili."

"Umepotea. Hapa ni namba sita. Dadu haikukuleta huku."

"Haikunileta. Nimekuja kwa miguu yangu, na naogopa."

Rosalia aligeuka, akamtazama mikono. Ilikuwa mitupu.

"Unaogopa kwa kuwa dadu imesema, au unaogopa kweli?"

"Kweli, Rosa."

Aliitoa barua kwenye mkoba, akaiweka mezani mbele ya watu wote, akavuta kiti cha pembeni yake.

"Karibu ndani," alisema. "Lakini siku utakayoniambia uko Morogoro, nitapiga simu Morogoro."