Dhahabu ya Sultani Asiye na Miguu

Sarafu ilikataa kuyeyuka. Stambuli, sonara wa Malindi, aliipulizia moto asubuhi nzima, na kila alipouzima aliikuta baridi, inanuka udi.

"Labda ni shaba," alisema mkewe Chiku, mwalimu wa sayansi aliyestaafu, asiyekuwa na subira na habari za majini.

"Shaba gani, mke wangu! Dhahabu hii, ya kugongwa kwa nyundo. Tazama ukingo ulivyopinda."

Kahaso, mkulima wa kijiji cha Ganda, ndiye aliyeifukua kwa jembe shambani, akamuuzia Stambuli upesi mno. Jina la sultani lilikuwa limekwanguliwa, na kwa hilo Stambuli alimtambua yule wa masimulizi ya wazee, aliyefutwa jina: aliua ndugu zake apate kiti, waliosalia wakamkata miguu asikipande tena.

"Angalau aliacha kununua viatu," alisema Chiku.

Chini ya meza ya kazi sauti nyembamba ikasema, "Shikamoo."

Mwalimu huitikia salamu kama anavyopumua. "Marahaba," Chiku akajibu, bila kuangalia.

Vidole vikamkamata vifundo vya miguu. Ganzi ikapanda hadi magotini, hadi mapajani, ikatulia huko, na alipojidunga kwa sindano hakusikia kitu, wala hofu hakuisikia, aliiona tu usoni mwa mumewe, kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa watu asiowajua.

"Presha," alisema Chiku.

Hospitali walisema si presha. Ndipo akaitwa karakanani Mwambire, mganga wa kijiji cha Adu, aliyekuja na jezi ya mpira na mkoba wa ngozi.

"Mama, ulimwitikia?" alinong'ona.

"Adabu tu."

"Aliomba kushika miguu, nawe ukampa. Sasa mwamkie wewe. Akijiona mkubwa, atakuachia."

Chiku aliitazama sarafu ndani ya sahani. Hakuwahi kuamkia bati wala dhahabu. Lakini alitaka kutembea.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," ikajibu sauti chini ya meza, nzito sasa, ya mtu aliyeridhika.

Chiku akasimama. Akatembea hadi mlangoni, akatoka barazani, Stambuli nyuma yake analia na kumshukuru Mungu na mganga kwa pumzi moja, mpaka alipoona kwamba mkewe ameikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili na miguu yake bado inakwenda, inakwaruza sakafu, inavuta kuelekea barabarani.

"Stambuli," alinong'ona Chiku, "nishike. Si mimi ninayetembea."