Jina Lililoitwa kwa Kunong'ona

Giza lilikuwa linaanza kushika matuta ya mpunga Kevinuo alipotoka nyuma ya nyumba kukata majani ya mgomba. Kesho yake akina mama wa kwaya walikuwa wanakwenda kutembea hadi kwenye maporomoko ya maji, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kufunga wali wa njiani ilikuwa kazi yake. Mwanawe Seyie alikuwa mgongoni.

Kimya.

Siku zote mtoto huyo humvuta nywele na kumpiga mateke. Leo alilaza shavu begani, macho wazi, na shavu lenyewe lilikuwa la baridi. Alinuka mawe yaliyolowa, ingawa alikuwa ameogeshwa kwa sabuni na kubadilishwa nguo.

Kevinuo alijua. Tangu mchana alijua.

Mchana walishuka hadi kwenye maporomoko hayo, yeye na wifi yake Rokono, kuangalia kama daraja la mianzi bado limesimama, ili wenzao wasije wakakwama. Pale kwenye miamba, manyunyu ya maji yalimpiga Seyie usoni, akashtuka, akalia mpaka akakauka sauti. Na kila mama wa kijiji kile anajua la kufanya mtoto akishtukia majini. Kabla ya kuondoka unamwita jina lake kwa sauti, unamwambia twende nyumbani, usibaki. Roho ya mtoto ni nyepesi. Ikishtuka hukaa kando, na mwili unaweza kuondoka bila yake.

Kevinuo alifungua mdomo aite. Rokono, ambaye anasoma mjini Dimapur, akamwinulia simu.

"Ita basi, wifi, nikawaonyeshe wenzangu wa hosteli," alisema akicheka. "Na miti uiite, isije ikasahauliwa."

Kevinuo aliona aibu. Akafunga mdomo, akaondoka na mtoto.

Sasa aliporudi jikoni na majani yake, wanawake walikuwa wamezunguka meko, chini ya nyama ya nguruwe iliyoning'inizwa moshini, wakigawana mizigo ya kesho.

"Nyama nabeba mimi," alisema mama mkwe wake, Neisanuo. "Safari ile tulimpa Vilhounuo, tukafika na mifupa."

"Mama, mlinipa mifupa," jirani yao Vilhounuo akajibu. "Mimi niliibeba tu."

Wakacheka. Kisha Neisanuo akamtazama mjukuu wake, na kicheko kikamwishia.

"Mbona kapooza hivi? Kevinuo, mlimwita huko majini?"

Rokono akainamia simu yake.

"Nilimwita, mama."

Uongo ule ulimchoma uso kuliko moto. Angesemaje mbele yao kwamba amemwacha mwanawe kwa kuogopa kuchekwa? Akasema majani hayatoshi. Akatoka, akaenda hadi lango la kijiji, njia inapoanza kuteremkia mtoni.

Ilimpasa aite kwa nguvu. Lakini nyumba zilikuwa jirani, taa zinawaka, na kila mtu angejua.

Akanong'ona.

"Seyie... twende nyumbani, baba."

Vyura wakanyamaza wote kwa pamoja. Halafu kitu kikakanyaga majani makavu. Karibu. Karibu mno, maana maporomoko yako mbali, sauti ile isingefika hata kwenye tuta la kwanza la mpunga.

Tap... tap... Matone.

Harufu ya mawe yaliyolowa ikampita usoni. Mgongoni mtoto akavuta pumzi ndefu, mwili ukapata joto, akacheka.

Kevinuo akalia kwa furaha. Hakujiuliza ni nani aliyesikia mnong'ono ule.

Asubuhi alisema mguu unamuuma, akabaki. Seyie alishinda akila. Kila alichopewa alikimaliza, akiwa amemkazia mama yake macho. Jua lilipokuwa linazama wenzake walirudi, na Rokono akaingia jikoni peke yake. Hakuwa na simu mkononi.

"Wifi, ulitufuata?"

"Hapana. Nimeshinda hapa na Seyie."

"Basi ni nani analia nyuma ya yale maji?" Alikuwa ananong'ona. "Tumemsikia wote. Ni sauti ya Seyie, wifi. Mama amemwita mpaka amechoka, hataki kuja. Mama anasema anakungoja wewe." Akajifuta uso. "Kosa ni langu, nilikucheka. Nisamehe."

Kevinuo alimfunga mtoto mgongoni kwa kitambaa, akatoka, akawapita wanawake waliokuwa wanatua vikapu vyao, akasimama langoni. Akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Seyie. Njoo nyumbani, baba. Sikukuita jana, niliona aibu. Nimewadanganya watu. Njoo, mama yuko hapa."

Milango ikafunguka. Kikapu cha Neisanuo kikaanguka. Kutoka chini kabisa, bondeni, ikaja sauti nyembamba.

"Mama..."

Mikono midogo ikamkaza shingoni. Ikakaza tena. Mtoto aliyekuwa mgongoni, ambaye bado hajajua kuunga maneno mawili, akamwekea midomo ya baridi sikioni.

"Nyamaza, mama," kitu kile kikanong'ona. "Watu wanakutazama."