Nilimsingizia Mke wa Marehemu Mdogo Wangu kwa Ajili ya Baignoire

Nina miaka sitini na tisa, naishi Butembo. Siku moja mfanyabiashara mmoja aliniita nitazame baignoire yake ya kuogea iliyobanduka rangi, nimwambie ni nani aliyeiharibu. Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Ningesema naumwa, ningesema sijui... Nilikubali! Tangu siku hiyo sijui tena usingizi mtamu.

Wasomaji wenzangu, msinihurumie haraka. Nilimaliza shule ya sekondari, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa fundi wa mabomba. Hakuna aliyenidanganya. Nilijua nilichokuwa nikifanya.

Mdogo wangu, Muhindo, alikufa kwa ugonjwa wa figo. Akiwa kitandani alinishika mkono, akaniomba jambo moja tu: mke wake, Masika, asirudi tena kulima upande wa Eringeti. Shamba lao la kakao lilikuwa huko, na huko watu wenye silaha walikuwa wakiingia mashambani na kuua. Muhindo na familia yake walikuwa wamekimbilia Butembo na nguo za mwilini tu.

Niliapa. Nikamtafutia Masika kazi ya kufua na kusafisha katika nyumba ya yule mfanyabiashara, ambaye mabomba yake yote niliyafunga mimi. Kazi ile ndiyo iliyomweka mbali na shamba, yeye na binti zake wawili. Nani alilijua hilo kuliko mimi?

Siku moja yule mfanyabiashara alileta baignoire mpya kutoka ng'ambo, chombo kirefu cha kuogea, cha chuma, kilichopakwa rangi nyeupe ngumu inayong'aa kama sahani. Nilipokuwa nafunga robinet ya kufungulia maji, ufunguo mzito wa mabomba uliniponyoka, ukaangukia ndani. Niliinama. Nikaona alama ndogo, ukubwa wa ukucha, na chuma cheusi kikichungulia.

Masika alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Aliona yote. Alisema kwa sauti ya chini, "Papa, tumuambie mama mwenye nyumba mapema." Nikamwambia anyamaze, kazi ya mabomba haimhusu.

Nilikuwa na kopo la mastic, ile ambayo mafundi wa magari huzibia mabati. Fundi mwaminifu angesugua kwanza kwa papier émeri, karatasi ya msasa, angekausha chuma vizuri, angengoja mastic igande, kisha apake rangi tabaka kwa tabaka. Mimi niliogopa kufumaniwa. Nikabandika juu ya unyevu, nikapaka rangi, nikaondoka. Hata kopo nililisahau stoo.

Wiki chache zikapita... kiraka kikabanduka, kutu ikajitokeza. Ndipo nikaitwa.

Nilimkuta mfanyabiashara na mke wake bafuni, na Masika amesimama karibu na ukuta. Mume alijaribu kufanya mzaha. "Hii baignoire ilipita bahari na barrière zote za njia bila alama, lakini imekuja kupata kidonda huku Butembo!" Mkewe hakucheka. Mkononi alishika kipande cha mastic. Akaniuliza, "Mzee, wewe ni fundi. Ni nani alipiga hapa, halafu akapaka hii dawa ya kutudanganya?"

Wakati ule mume alikuwa anajenga nyumba ya wageni, na alikuwa ameniahidi kazi ya kufunga bac za douche, masinia ya sakafuni ya kuogea kwa kusimama, katika vyumba vyote. Niliiona kazi ile ikienda kwa fundi wa mji jirani wa Beni. Niliona jina langu likichekwa mjini. Fundi aharibu, kisha afiche... nani angeniita tena?

Nilipapasa alama ile kana kwamba naichunguza. Nikasema imegongwa na beseni la chuma la kufulia.

"Uko hakika, mzee? Tazama muzuri," mkewe akaniuliza tena.

Nikasema niko hakika. Na mastic? Nikasema kopo langu lilibaki stoo, mtu wa nyumbani angeweza kulichukua. Na ni nani mwingine aliyefulia mle bafuni? Ni Masika peke yake!

Masika aliniangalia. Kwetu mwanamke hambishii kaka mkubwa wa mume wake mbele ya watu. Humheshimu kama baba mkwe. Nilijua hatafungua kinywa. Nilijificha nyuma ya heshima yake, ndugu zangu!

"Sema basi!" yule mama akamfokea. "Ao ulimi yako uliianika pamoja na nguo?"

Masika akajibu polepole, "Kama Papa amesema, mie niko na neno gani tena?" Akafungua kitenge alichojifunga kiunoni kwa kazi, akakikunja, akakiweka chini, akatoka. Kazi ikaisha hapo hapo.

Nilimfuata hadi kwake, nikamwahidi nyumba nyingine ya kufanyia kazi. Hakunitukana. Alisema tu, "Kakao imeiva, Papa. Na batoto banapaswa kusoma." Nikamwomba angoje wiki moja. Alingoja mbili. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye nyumba ya wageni nikifunga bac za douche! Kila asubuhi nilisema, kesho nitamuulizia... Sikubisha hodi hata kwenye mlango mmoja.

Wiki ya tatu aliwaacha binti zake nyumbani, akapanda pikipiki hadi Beni, akaungana na wanawake wengine, wakaenda Eringeti kuvuna.

Siku tatu alipiga simu kwa binti zake. Siku ya nne simu haikulia. Nilipiga mimi, nikapiga tena... kimya. Siku ya tano wanawake waliokimbia walifika Beni, wakasema watu wenye silaha waliwavamia asubuhi wakiwa wanapasua kakao. Nilikwenda Beni mbiombio. Niliuliza kwa waliokimbia, niliuliza hospitali, nikijiambia labda amejificha porini. Mwishowe nilipelekwa mahali palipolazwa miili iliyofunikwa. Wa tatu alikuwa Masika.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa yule mama, mke wa mfanyabiashara, nikakiri yote. "Mzee," alisema, "siku ile nilikuuliza mara mbili." Akafunga mlango.

Nilikwenda pia kwa Kahindo, binti mkubwa wa Masika. Sikumaliza sentensi ya kwanza. Aliniambia, "Tulijua, Papa mukubwa. Mama alitueleza mbele ya kuondoka. Alitukataza kukuhaibisha." Juma lile lile dada ya mama yao alikuja kutoka Vuhovi, akawachukua wote wawili.

Ndugu msomaji, nakusihi, kama umeharibu kitu cha mtu, sema siku hiyo hiyo, hata kama utafukuzwa, hata kama watakucheka. Na usimtwike kosa lako mtu ambaye heshima yake kwako inamzuia kujitetea. Usingoje, kama mimi, kukiri mbele ya kaburi!

Waliomuua Masika siwajui. Lakini aliyemrudisha shambani ni mimi, kwa sababu nilitaka kulinda jina langu la ufundi. Masika amekufa, na binti zake, damu pekee aliyoniachia mdogo wangu, hawataki kuniona tena.