Kwao Lorna Panaitwa Lax Kw'alaams

Veneranda na mumewe Januari wanaishi Tensta, kitongoji cha mji mkuu wa Uswidi. Binti yao, Nora, amezaliwa hapa hapa Stockholm. Kila Jumamosi Veneranda hupika pilau, na sahani moja humpelekea jirani yao, Lorna. Lorna ni wa kabila la Watsimshian, kutoka pwani ya magharibi ya Kanada. Veneranda alipojifungua, hakuwa na mama wala dada mjini. Lorna ndiye aliyemwogeshea mtoto.

Majira haya ya baridi Lorna alivunjika mguu. Kabla hajapona, mama yake alifariki huko kwao. Hakuweza kusafiri.

"Hatuwezi kumwacha alie peke yake," Veneranda alimwambia mumewe. "Tufanye ibada hapa kwetu."

"Sawa, Mama Nora. Tutengeneze na shada la maua."

Nora akatafuta jina la kijiji cha kina Lorna kwenye atlasi ya zamani. Duka la maua likaliandika kwenye utepe: Port Simpson.

Siku moja kabla ya ibada, walimpelekea Lorna shada alione. Lorna akausoma utepe. Kisha akaugeuza maandishi yasionekane.

"Tumekosea nini, dada?" Veneranda aliuliza kwa Kiswidi.

"Maua ni mazuri, nashukuru. Ila jina hilo si letu. Wazee wetu walipaita Lax Kw'alaams, mahali pa mawaridi ya mwituni. Wakaja Wazungu wa biashara ya ngozi za wanyama. Wakajenga ngome, wakaipa jina la nahodha wao. Jina hilo ndilo likaingia kwenye ramani."

"Na nyinyi mkaliacha la kwenu?" Januari aliuliza.

"Hatukuliacha. Nyumbani tuliendelea kulitamka. Halafu watu wakakutana, wakakubaliana, wakaiomba serikali. Mwaka 1986 jina letu likarudishwa rasmi. Mama hakukosa mkutano hata mmoja."

Veneranda aliinamisha kichwa. Nora akasema polepole, "Ni mimi niliyelitafuta. Samahani."

"Atlasi yako ni ya zamani, mwanangu," Lorna alimjibu. "Ukitaka jina la mahali, waulize kwanza wenyeji wenyewe. Mimi niko mlango wa pili tu."

Akamwandikia Nora jina herufi kwa herufi. Asubuhi Nora akaenda dukani, akarudi na utepe mpya. Januari naye alikaa na Lorna kujifunza kulitamka.

"Hiyo x inatoka kooni," Lorna alimweleza.

"Kama kh ya Khamisi?"

"Sijui Khamisi ni nani. Lakini ndiyo, hivyo hivyo."

Jioni sebule ilijaa watu. Simu iliwekwa mezani, ndugu zake Lorna wakaonekana kwenye kioo. Kwao ilikuwa asubuhi. Januari akasimama, akasali kwa Kiswahili.

"Tunakushukuru, Mungu, kwa mama huyu wa Lax Kw'alaams. Alimlea Lorna, naye Lorna akatusaidia kumlea Nora."

Kwenye simu, bibi mmoja aliinua kichwa ghafla. Alikuwa mama mdogo wake Lorna. Kiswahili hakukijua, ila jina la kwao alilisikia. Akauliza kitu. Lorna akacheka huku anafuta machozi, akamjibu.

"Anasemaje?" Veneranda aliuliza.

"Anauliza, huyo anayesali ni mtoto wa nani kwetu."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia ni kaka yangu."