Kilichovunjika ni Chake

"Mwizi gani huyu, anaacha bakuli zima anachukua lililotoboka?"

Paskalia, karani wa stoo, aliuliza hivyo Jumatano asubuhi, msimu wa pamba wa mwaka 1953, akiwa amesimama katikati ya stoo ya duka la Gregory pale Masumbwe, chaki mkononi. Gregory, mwenye duka, alijikuna shingo. Masele, mchukuzi wa mizigo, aliinamia vidole vya miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Na lilikuwa swali la haki. Mabakuli ya bati arobaini mapya yalikuwa palepale yanang'aa. Yaliyokosekana ni sita yaliyotiwa lehemu matakoni. Mablanketi mazima yote yalikuwepo, ila lile lililotafunwa na panya, ambalo Paskalia mwenyewe alilitia kiraka, halikuwepo. Kandili yenye ufa kwenye kioo nayo haikuwepo.

"Stoo hii ina mlango mmoja," Gregory alisema hatimaye. "Ufunguo tunao wawili, mimi na wewe. Mimi siwezi kujiibia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumamosi ni siku ya mnada, Mama Eufrasia. Mpaka saa sita vitu viwe vimerudi. La sivyo nitasimama pale barazani niwaambie watu wote wewe ni nani."

Hebu tupime uzito wa maneno hayo. Paskalia alikuwa mjane. Alisoma mpaka darasa la nne misheni, na kwa hesabu yake ya vitu hakuna mwanamume aliyempita. Mtoto wake mmoja, Eufrasia, alikuwa analala bweni kwa masista, na masista hawakuweka mtoto wa mwizi. Mwanamke kama huyo, jina lake ndilo shamba lake na ndilo ng'ombe wake. Ukimnyang'anya hilo umemmaliza.

Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kutumia akili. Mali ya duka lile ilishushwa na treni Isaka, ikapakiwa kwenye lori, ikaja kwa barabara ya Kahama ikirushwa kila korongo, hata ikifika Masumbwe sanduku moja kati ya matano linalia kama njuga. Bati limebonyea, vioo vimepasuka, sukari imelowa. Zamani Gregory aliamuru vibovu vyote virundikwe kona ya mwisho, nyuma ya magunia ya chumvi. Baada ya siku mbili tatu kona ilikuwa tupu. Paskalia alidhani mwenye duka anakwenda kuvifukia.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. "Bwana Gregory, nusu ya hasara yako si hasara. Yaliyotoboka tumpe fundi bati ayatie lehemu. Mablanketi nitashona mimi. Sukari tuianike kwenye mkeka. Mkulima wa kijijini atanunua kwa bei ya chini, na hawa wanaokwenda kuchimba dhahabu Geita hawaulizi kiraka."

Gregory alitazama kona ile kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Fanya."

Neno moja tu. Alikuwa na jambo la kumwambia, jambo ambalo mtu yeyote mwenye haya angelisema saa ileile, naye akalimeza kwa sababu hesabu ya Paskalia ilimpendeza.

Miezi mitatu duka lilipumua. Mwezi wa nne ikaja harufu. Haikuwa harufu ya kitu kilichooza. Ilikuwa ya udongo, kama chungu kinapotolewa motoni kabla hakijapoa, na ilianzia kila siku kwenye kona ya chumvi. Baadaye ikaja sauti. Saa saba mchana, duka limefungwa na watu wamekwenda kula, ndani ya stoo kulisikika *ti*. Kimya. *Ti.* Mlio wa mwanamke sokoni anayegonga chungu kwa ukucha, akisikiliza kama ni kizima kabla ya kununua. Kesho yake kitu kilichokuwa kizima jana kingekutwa na ufa.

Alhamisi, siku moja baada ya swali lile, gunia la chumvi lilimponda Masele kidole cha mkono wa kushoto. Paskalia alikifunga kwa kipande cha kaniki.

"Pole, Masele."

"Nimeshapoa, dada. Shetani wa chumvi kagundua nyama ya Msukuma haihitaji kuungwa." Alicheka, kisha akaacha. Akasogea karibu na kushusha sauti. "Dada Paskalia, gunia halikuniangukia."

"Ila?"

"Lilishushwa. Taratibu, juu ya kidole changu, kama karani anavyopiga muhuri. Na nilipotaka kulia, kitu kikaniambia nyamaza, bado ninakagua."

"Kitu gani?"

"Mimi nimesikia tu. Sikukiona, na sitaki kukiona."

Ijumaa saa saba Masele aliingia stoo kupanga magunia. Paskalia aliketi kizingitini na bakuli lake la ugali, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Hapakuwa na dirisha wala mlango mwingine. Alimsikia akivuta gunia la kwanza, la pili, la tatu. La nne halikuvutwa.

"Masele?"

*Ti.*

"Masele, usinitanie, nina kazi."

Aliweka bakuli chini akaingia, na nje jua lilikuwa linawaka kiasi cha kuumiza macho, lakini hatua tatu ndani ya stoo ile mwanga ulikuwa umekatika kama uzi, naye akawa anapapasa rafu kwa mkono, bati baridi, bati baridi, kitambaa, mpaka harufu ya udongo wa moto ikamjaa puani na akajua amefika kwenye chumvi, na hapo nyuma ya magunia akasikia sauti ya Masele, sauti yake kabisa, ila ndogo, kama inayotoka ndani ya mtungi, ikisema mabakuli sita, kandili moja, blanketi moja, mtu mmoja, mabakuli sita, kandili moja, blanketi moja, mtu mmoja, na alipotaka kurudi nyuma ukucha mmoja mrefu ukamgonga paji la uso, ukangoja, ukasikiliza, ukashuka ukamgonga mfupa wa bega, ukasikiliza, ukamgonga goti, bila haraka, bila hasira, kama mtu aliyekuja sokoni na muda wa kutosha, kisha ukapanda tena mpaka kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mkono aliouvunja akiwa na miaka tisa alipoanguka kisimani ukapona vizuri hata mama yake akausahau, na hapo ukucha ukagonga mara moja, ukagonga mara ya pili, na haukuondoka.

Paskalia alikimbia. Alitoka nje na kile kipande cha kaniki cha Masele mkononi, bado kimefungwa mviringo wa kidole.

Gregory alipoambiwa, hakushtuka. Hilo lazima lisemwe. Alikunja uso tu, akasema, "Basi mwenzako amekwisha toroka na mali. Umebaki wewe."

"Ametorokea wapi? Nilikaa mlangoni!"

"Ndiyo maana nasema mlishirikiana."

Jioni ile Paskalia alimfuata Mageni, mganga wa Kisumbwa aliyekaa mwendo wa saa moja kutoka sokoni, mwanamke mzee asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Nyoosha mkono." Alikishika kifundo chake kabla hajaambiwa lolote, akakitemea mate, akakifunga kwa ugwe mweusi. "Kimekupima. Twende kabla hakijarudi kuchukua."

Gregory aliwafungulia stoo kwa shingo upande. Mageni hakuingia ndani. Aligonga mwimo kwa fundo la kidole, na kutoka gizani ikajibu *ti*. Akamgeukia mwenye duka.

"Ulikiahidi nini?"

"Mimi? Mimi ni Mkristo, bibi."

"Sikukuuliza kanisa lako. Umekiahidi nini?"

Gregory aliangalia nyuma kama kuna watu. Hakukuwa na mtu. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo Paskalia ilibidi asogee kuisikia: "Wezi walikuwa wamenimaliza. Akapita mganga mmoja, akanizindikia duka. Akasema mlinzi huyu hataki damu, hataki mbuzi. Anataka masalia tu. Kila kilichovunjika ni chake."

"Ukampa?"

"Miaka saba. Hakuna mwizi aliyethubutu."

"Kisha ukaanza kumzibia vitu vyake kwa lehemu na kuviuza," alisema Mageni. "Mwizi wa duka hili nimemwona. Ana ndevu."

Paskalia alimgeukia Gregory. "Nilipokuja na shauri lile ulijua. Ulijua, ukasema *fanya*. Na Jumatano ulijua pia!"

Gregory alianza kufunga mlango wa stoo.

Mageni alitoa masharti. Kesho, mnada ukijaa, Gregory asimame barazani aseme mbele ya watu alichoahidi na alichokiuka. Aombe vyombo vyote vilivyozibwa virudishwe, avirundike konani kwa mkono wake. Agano lililofungwa kwa siri linafunguliwa kwa kinywa, hadharani. Jini hilo la ulinzi litamwachia Masele na kuondoka.

"Nikisema hivyo nani atanunua kwangu tena?"

"Hakuna," alisema Mageni.

"Na nisiposema?"

"Utaona litakavyozoea."

Jumamosi mnada ulijaa. Ng'ombe, vumbi, akina mama na karanga zao, vijana wa machimboni na kofia za kuegemeza upande. Saa tano na nusu Paskalia alisimama mbele ya baraza akisubiri. Gregory alitokea, akautazama umati, akageuka, akaingia stoo na kujifungia.

Kisha soko zima likasikia. Alikuwa anavunja. Sanduku zima la sahani mpya, moja moja, halafu vikombe, halafu vioo vya kandili, na katikati ya kishindo alisikika akisema, "Chukua. Chukua. Hizi ni bora kuliko zile. Chukua uninyamazishie aibu." Ng'ombe walikata kamba. Baadaye kimya. Mlango ukafunguliwa, na aliyetangulia kutoka ni Masele.

Alitembea vizuri. Hakuwa na kidonda wala vumbi. Paskalia alimkimbilia akamshika mkono wa kushoto, na kidole kilichopondwa kilikuwa kimenyooka, kizima, ila chini ya fundo kilizungukwa na mstari mwembamba wa kijivu, baridi, unaong'aa. Lehemu. Kazi safi kuliko ya fundi yeyote wa Masumbwe.

"Masele, waambie! Waambie ulikuwa wapi!"

Masele alifungua kinywa. Ndani mlikuwa na harufu ya udongo wa moto, na hapakutoka neno. Halikutoka tena mpaka alipokufa.

Ndipo Gregory akapanda barazani, shati limelowa jasho. "Ndugu zangu! Vitu vilikuwa vinapotea dukani kwangu. Huyu alijificha navyo stoo, na karani wangu alikuwa anamfungulia. Leo nimewakamata. Lakini mimi sina kinyongo. Nimewasamehe!"

Watu walipiga makofi. Walimpigia makofi yeye!

"Sema ulichoahidi!" Paskalia alipiga kelele. "Tazameni kidole hiki!" Mama mmoja wa karanga alikitazama, akageuza uso upesi, akasema ni pete tu. Kijana wa machimboni akacheka: "Mwizi akikosa hoja huonyesha kidole." Umati ukaangua kicheko, na Mageni, aliyekuwa amesimama pembeni, akajifunga khanga yake akaondoka bila kuaga.

Juma lile masista walimrudisha Eufrasia nyumbani. Paskalia alihamia Nyahanga, na jina la mwizi lilifika kabla yake.

Jini halikutoka. Lilikuwa limefundishwa na mwenye duka mwenyewe kwamba kizima kinaweza kuvunjwa kwa ajili yake, na tangu siku ile halikungoja lori. Kila mwezi Gregory alijifungia saa saba akavunja sanduku, kisha mawili. Aliacha kupunguza ndevu akiogopa wembe. Aliacha kukata kucha. Alitembea pole kama mama mjamzito kwenye utelezi. Mwaka wa pili, msimu wa mvua, jino lilimtoka akila muhindi, na wateja waliokuwa barazani walimwona amelishika kiganjani, amekodoa macho kuelekea stoo, ambako kitu kilikuwa kimegonga *ti*.

Kesho yake duka lilikuwa wazi na hakuna mtu. Walisema amekwenda Geita kutafuta dhahabu. Hakuna aliyeingia kuhesabu.

Hata leo ukipita Masumbwe watakwambia lile duka liliangushwa na karani mwizi, mwanamke mmoja mjane, na watalitaja jina lake mbele ya wajukuu zake. Hakuna kikubwa kinachoombwa hapa. Ukiwasikia, wakatize, useme kwa sauti: Paskalia hakuiba.