Gari Lililozimika Mvuani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kasiva alilipangusa gari. Halikuwa lao. Lilikuwa la Bwana Haridas, mwenye duka la jumla mjini Malindi, lakini Laban, baba yake Kasiva, ndiye dereva aliyekabidhiwa funguo apeleke bidhaa vijijini, na usiku gari lililala nje ya chumba chao pale Muyeye. Lilikuwa kuukuu, la kijani, la dizeli, na mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Kasiva alilipangusa taratibu kama mtu anayemfuta mgonjwa jasho. Kisha baba alizungusha ufunguo nusu, akangoja kitaa chekundu cha hita kizimike, halafu, brrrm! Kuku wote wa jirani wakatawanyika.

"Limewaka kwa sababu kuna jua," alisema Kache, rafiki yake, aliyekuwa akimngoja waende shule. "Likipita wingu tu, tutalisukuma mpaka Mambrui. Gari lenu linaogopa maji kama paka!"

"Paka haogopi maji, anayachukia tu," Kasiva akajibu. "Na wewe nitakuchukia usiponyamaza."

Wakacheka, wakaenda zao. Lakini moyoni Kasiva hakucheka, kwa maana maneno ya Kache yalikuwa kweli tupu. Tangu masika ianze, gari lilikuwa na kituko chake. Jua likiwaka, linakwenda mbio kama lililotoka dukani jana. Mvua ikinyesha, linazimika katikati ya njia, kimya, na baba anabaki ameloa chapachapa na magunia ya watu. Jua likirudi, akingoja kidogo tu, linawaka lenyewe kana kwamba halikufanya kitu! Hebu fikiri, mtu akuambie habari hiyo, wewe ungemwamini?

Bwana Haridas hakuamini.

Ijumaa moja jioni Kasiva alitumwa chumvi dukani. Alipofika mlangoni akamkuta baba yake amesimama mbele ya kaunta, suruali inachuruzika maji. Kando yake alikuwa Fundi Gerishom, mtengenezaji wa magari ya mjini.

"Watu wa Dabaso watalala bila unga leo," Bwana Haridas alikuwa akisema. "Fundi, gari lina nini?"

"Nimebadilisha filta ya dizeli. Nimebadilisha betri. Kila nikiletewa linanguruma vizuri. Gari ni zima, Bwana Haridas. Muulize dereva."

Bwana Haridas akavua miwani. "Laban, nimeambiwa maneno. Nimeambiwa unasimama njiani, unanyonya dizeli kwa mpira, unaiuza, kisha unaisingizia mvua."

"Bwana, haki ya Mungu..."

"Usiape. Kesho niletee funguo."

Laban aliinamisha kichwa. Kasiva akamwona baba yake, mtu mrefu vile, akiwa mfupi ghafla. Basi, damu ikamchemka! Akaingia moja kwa moja mpaka kwenye kaunta.

"Shikamoo, Bwana Haridas. Baba yangu si mwizi."

"Kasiva!" baba akashtuka. "Nyamaza. Wakubwa wanazungumza."

"Nisamehe, Baba, lakini sinyamazi." Akamgeukia fundi. "Mama alipougua malaria tulimpeleka zahanati homa ikiwa imeshuka. Wakasema mzima. Tulipofika nyumbani homa ikarudi, akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Sasa hili gari nalo, kila mara fundi analipima limeshakauka! Nani amewahi kulipima likiwa limeloa?"

Fundi Gerishom akajikuna shingo.

"Kesho hakuna mvua, mtoto," Bwana Haridas akasema, nusu akicheka. "Angalia mbingu. Mvua tutaitoa wapi?"

"Nitaileta mimi," alisema Kasiva.

Na kweli aliileta! Jumamosi asubuhi alifika nyuma ya duka na kopo kubwa la samli alilolitoboa kitako kwa msumari, na Kache nyuma yake amejitwika ndoo ya maji. Habari zilikuwa zimeshaenea Muyeye nzima. Watoto walikaa juu ya ukuta kama kunguru, na wapakiaji wa duka wakaacha magunia yao waje kutazama.

"Anakuja kuliogesha gari!" mmoja wao, Mwambire, akapiga kelele.

"Nikimaliza nakuogesha wewe," Kasiva akamjibu, na ukuta mzima ukaangua kicheko.

Fundi Gerishom hakucheka. Alifungua boneti. "Kama ni mchezo, basi tuucheze vizuri," alisema. "Tazama hapa. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Ila juu ya pampu hii kuna kidude. Kikipata umeme kinaiachia dizeli ipite. Kikikosa umeme kinaifungia, na injini inakufa." Akachukua taa ndogo ya kupimia, akaiunga kwenye waya wa kile kidude. Taa ikawaka. "Taa hii ikizimika, umeme umekatika. Haya, leta mvua yako."

Laban akawasha injini. Mwambire akashika ndoo, tayari kuimwaga yote juu ya boneti.

"La!" Kasiva akamzuia. "Tukimwaga kote mara moja, hatutajua ugonjwa uko wapi. Mahali pamoja pamoja, tuanzie chini."

Akanyunyizia chini ya bampa. Taa ya fundi inawaka. Akanyunyizia taa za mbele, akangoja. Inawaka. Akanyunyizia betri, nyaya za ubavuni, pampu yenyewe. Injini inanguruma tu, na jua linawachoma watu utosini. Kache alikwenda bombani kuteka maji tena na tena, mpaka watoto wa ukutani wakaanza kupiga miayo.

"Limepona!" mmoja akasema. "Limeogopa kopo!"

Bwana Haridas akatazama saa yake. Laban akamsogelea binti yake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Basi, mwanangu. Umejitahidi. Tuwaachie funguo zao twende nyumbani."

"Gari halijaisha, Baba," Kasiva akasema, bila hata kugeuka. "Bado kioo."

Akapanda juu ya kreti ya soda, akanyunyizia kioo cha mbele upande wa kulia. Taa inawaka. Akasogea kushoto, pale kioo kinapokutana na bodi. Maji yakateremka. Taa ikapepesa. Ikafifia. Ikazimika. Na injini nayo, kho, kho, ikafa.

Ukuta ulilipuka kwa vigelegele! Kache alitupa ndoo juu. Laban alishika kichwa kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Yule mtu aliyeitwa mwizi!

"Ngojeni," akasema Fundi Gerishom, naye sasa ana moto kuliko wote. Chini tu ya mahali pale palikuwa na kisanduku cha fyuzi. Akakifungua. Vishikizo vya fyuzi vilikuwa vimeota kutu ya kijani, na waya wa kile kidude ulikuwa umeoza, unashika kwa nyuzi mbili tatu. Lakini kulikuwa na kitu kingine. "Ajabu! Kuna povu humu. Povu limetoka wapi?"

Kasiva akainama. Akanusa. Na vigelegele vyote vikamfia masikioni.

Ilikuwa sabuni ya kipande.

Alikumbuka mara moja. Mwishoni mwa mwaka uliopita, watoto walikuwa wameivunja eriali ya redio pale ubavuni mwa gari, kando ya kioo, likabaki tundu. Baba aliliziba kwa bonge la sabuni, kisha akapaka rangi ya kijani juu yake. Kila dereva wa njia zile anajua kwamba tangi la dizeli likivuja unaliziba kwa sabuni, na linakauka kabisa. Kasiva mwenyewe ndiye aliyemshikia baba ile sabuni.

Akamtazama baba. Baba naye alikuwa amekumbuka, uso umemsawijika. Hakuna mwingine aliyejua. Fundi angeweza kusema ni uzee wa gari, watu wakaenda nyumbani wakiwa na furaha. Kasiva angenyamaza tu.

Lakini jana alikataa kunyamaza kwa ajili ya ukweli. Leo ukweli uleule umemgeukia, aufungie mlango?

Akakwangua rangi kwa ukucha. Ikabanduka, na chini yake pakatokea sabuni laini, iliyoyeyuka, na tundu.

"Hapa palikuwa na eriali," alisema, na kila mtu akasikia. "Baba alipaziba kwa sabuni, mimi nilimshikia. Tulikosea. Lakini baba hakuiba, na hakusema uongo. Alisema mvua, na ni mvua."

Laban akasogea mbele, akasimama kando ya binti yake. "Ni kweli, Bwana Haridas. Nilisahau kabisa. Nilidhani sabuni inayozuia dizeli itazuia na mvua."

"Dizeli haiyeyushi sabuni, Laban," Fundi Gerishom akasema polepole. "Maji ndiyo huiyeyusha." Kisha akaongeza, "Na mimi nilibadilisha vitu kwa kubahatisha, na niliposhindwa nikakutupia wewe."

Bwana Haridas akatoa funguo kwenye gari, na Kasiva akadhani anazichukua. Akaziweka mkononi mwa Laban.

"Nilikutuhumu kwa maneno ya watu, bila kupima. Nisamehe," alisema. Akawageukia watoto wa ukutani. "Nanyi sikieni. Kukosea na kudanganya ni mambo mawili. Kosa ukilionyesha, linazibwa kama tundu hili. Ukilipaka rangi, linakuozea ndani. Na mkitaka kujua kitu, msikisie. Kipimeni, hata kama jibu litawauma."

Siku ile ile Fundi Gerishom alikata waya uliooza, akaweka mpya, akasugua kutu, akaliziba tundu kwa mpira wa kweli.

Jumatatu mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Wanafunzi walijibanza kwenye vibaraza vya Muyeye wakilingoja lile gari la kijani, wote wakitaka kuona. Likaja, limejaa unga wa Dabaso, wipa zinafuta kwa nguvu, likakanyaga dimbwi, pwaa! Likawalowesha wote, likapita likinguruma.

"Sasa paka ni sisi!" Kache akalia, akijikamua sketi.

Kasiva alikuwa ametoka mpaka katikati ya njia akilisindikiza gari kwa macho, ameloa kichwa mpaka miguu, wala hakutafuta pa kujikinga.