Kipimo cha Mtu Aliyelala

Haya yalimpata Zulekha, fundi cherehani, na aliyeyasimulia ni Candida, jirani yake wa chumba cha pili huko Ilala. Candida si mtu wa maneno mengi. Aliambiwa na Zulekha mwenyewe, mchana, huku wakichambua mchele.

Zulekha alishonea barazani kwa mzee Jayant, muuza vitambaa wa Kariakoo. Cherehani yake ilipakana na ya Sofia. Walianza kazi pamoja, na wali walikula sahani moja. Lakini Sofia alikuwa na mikono ya kipaji. Alimtazama mteja anavyokuja, akishafika anajua kipimo cha kiuno chake. Watu walipanda barazani wakamkuta Zulekha amekaa bure, wakamuuliza, "Sofia yupo?" Wakiambiwa katoka, walivuta kigoda wakamsubiri.

Siku moja wifi yake Zulekha alileta kitambaa cha harusi. Akamsalimia Zulekha vizuri, akamuulizia watoto, kisha akampita akakiweka kitambaa mapajani mwa Sofia.

Hilo lilimkaa Zulekha kooni kama mwiba wa samaki.

Binti wa mzee Jayant, Dokta Khushi, alikuwa akifanya utafiti wa ubongo hospitalini. Alasiri moja alikuja kunywa chai dukani, akawaeleza. Ndani ya ubongo, alisema, mna nyuzi za fahamu, nyembamba kupita unywele, na ndani ya kila uzi mna maji yanayotembea. Uzi mnene unayapa nafasi, mwembamba unayabana. Mashine ya MRI inafuatilia maji hayo yanavyokwenda, na kwa mwendo wake wao wanakadiria unene wa nyuzi bila kumpasua mtu. Alitaka watu wenye mikono myepesi.

"Sisi ndio tunaopima watu, Dokta," Sofia akacheka. "Leo na sisi tunapimwa."

Walikwenda wote wawili. Pale mlangoni walichomoa pini vifuani, sindano kwenye kola, hadi muuguzi akauliza kama wamekuja na duka zima. Wakalazwa mmoja mmoja, mashine ikagonga, wakarudi Kariakoo.

Khushi hakupaswa kusema majibu. Lakini hawa ndio waliomshonea sare tangu chekechea, na ulimi ukamteleza. Nyuzi za Sofia, zile zinazounganisha pande mbili za ubongo, zilionekana nene kweli. Akaongeza haraka kwamba huenda hilo halihusiani na mikono, bado hawajui.

Zulekha hakusikia hayo ya mwisho. Alikuwa anatazama kichwa cha Sofia.

Kumbe ni kitu. Kipo mle ndani. Kina unene.

Bibi yake, aliyemfundisha cherehani, alimkanya jambo moja: fundi hampimi mtu aliyelala. Apimwaye amelala ni maiti, kwa ajili ya sanda na kaburi. Ukimpima aliye hai kwa uzi, na yeye amelala, kuna kitu chake kinabaki kwenye uzi. Mashine ilimpima Sofia amelala akaamka salama. Lakini mashine haina uzi.

Baada ya sala ya adhuhuri Sofia alijinyoosha kwenye mkeka, nyuma ya majora ya vitambaa. Zulekha akavuta uzi mwekundu. Akaupitisha juu ya kichwa cha Sofia, sikio hadi sikio. Akaukata kwa meno.

Sofia akashusha pumzi ndefu. Hakuamka.

Uzi ule Zulekha aliushona ndani ya pindo la mtandio wake, pale panapogusa sikio.

Wiki ile ile Sofia akashona mkono wa gauni ndani nje. Akacheka. Akarudia kosa lile, hakucheka. Mikono ya Zulekha nayo ikaanza kukimbia. Vigoda vikahamia upande wake. Wifi yake akaja, akasimama mbele yake yeye. Zulekha anasema hajawahi kuonja utamu kama ule.

Mpaka Sofia alipoinama akamnong'oneza. "Shoga, nimeshika sindano. Sijui ni ya nini."

Baadaye hakusema tena. Nduguze walimleta barazani kwa mazoea tu. Akakaa mkekani, akitazama mikono ya Zulekha.

Khushi aliwaita tena, maana watu walewale hupimwa mara mbili kuona kama mashine inatoa jibu lilelile. Sofia hakuweza. Zulekha akaenda peke yake. Pini zikatoka. Mtandio ukabaki, uzi si chuma.

Mashine ikagonga. Ikagonga. Kisha mlio ule ukabadilika. Ilikuwa cherehani. Taratibu. Akaujua mguu unaokanyaga, wa Sofia.

Kitu chepesi kikapita juu ya kichwa chake. Sikio hadi sikio. Kikakazwa.

Alipotolewa, Khushi alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta. "Da Zulekha, hii picha ni ya Sofia." Akaangalia jina. Lilikuwa la Zulekha. Akasogeza kidole kufuata mstari mmoja. "Na uzi huu. Nyingine zote zinaishia ndani."

Kidole kilifika sikioni. Kikapita. Khushi akazima kioo.

Nyumbani, Zulekha alifumua pindo la mtandio. Tupu. Matundu ya sindano tu. Akapapasa nyuma ya sikio. Kulikuwa na ncha. Akaivuta kidogo. Haikuuma. Ilitoka nyekundu, ya moto, imelowa.

Kesho yake alikwenda kuurudisha uzi ule. Alitaka Sofia apone, hilo tu. Akapiga magoti mkekani kwa Sofia, akaivuta ile ncha. Mkono wa kulia wa Sofia ukainuka. Akaachia. Ukaanguka. Akavuta tena, na mguu wa Sofia ukakanyaga hewa, kama juu ya pedali.

Zulekha akalia. Akachukua mkasi, akaufungua nyuma ya sikio lake.

"Usikate."

Ilikuwa sauti ya Sofia. Midomo ya Sofia haikusogea. Sauti ilitoka ndani ya kichwa cha Zulekha.

"Shona."

Anashona hadi leo. Mtandio kaufunga kubana masikio, na hajilazi mbele ya mtu.

Candida alimpa kazi ya gauni la ubatizo la mwanawe. Kitambaa cheupe, uzi mweupe, alivinunua mwenyewe. Juzi alipoligeuza kulipiga pasi, aliona ndani ya pindo uzi mmoja mwekundu, umekatwa kwa meno. Mfupi. Hautoshi kichwa cha mtu mzima.

Mtoto alikuwa amelala pembeni. Candida aliunyoosha uzi, akausogeza kichwani pa mtoto ili aulinganishe. Kisha akakumbuka onyo la yule bibi, akauachia.

Ulikuwa wa moto.